Mboga na matunda ya kilimo hai: kipi ulipie zaidi na kipi uache, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Siku hizi kila mwenye bustani nyuma ya nyumba anaandika "organiki" kwenye stetasi ya Wasapu halafu bei inapaa, mchicha uleule ambao mama wa gengeni anauza fungu mia tano huku unaambiwa elfu moja mia tano, eti haujaguswa na dawa. Sisemi wanadanganya, wapo kweli ambao hawapulizii kitu. Ila mi nataka kujua hiyo elfu moja ya juu inanunua nini, na ni mazao gani inafaa na yapi unalipia jina tu. Maana ukikaa ukaangalia vyakula vya huku kusini, vingi havijawahi kuliona bomba la dawa tangu mababu, ming'oko inachimbwa porini na hakuna aliyewahi kuipulizia, mbona haijaandikwa organiki?

Tuelewane kwanza kwenye kitu kimoja. Kilimo hai haina maana hakuna dawa kabisa. Salfa inaruhusiwa, kopa, yaani ile dawa ya ukungu ya shaba, inaruhusiwa, mwarobaini unaruhusiwa, pareto ile inayolimwa Mufindi na Mbeya nayo ni dawa ya wadudu na inaruhusiwa. Kinachokatazwa ni viuatilifu na mbolea za kutengenezwa kiwandani. Nchini kuna TOAM, ndio jumuiya ya wakulima hai, ipo tangu 2005, na mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zikakubaliana kiwango kimoja chenye alama ya Kilimohai. Mkulima anaipata kwa mkaguzi wa nje au kwa ule utaratibu wa wakulima wa kikundi kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Sasa hiyo alama gengeni mi sijaiona, si Mtwara mjini si Lindi, kwa hiyo tukinunua "organiki" hapa tunanunua neno la muuzaji. Ndio maana kumjua mkulima kuna thamani kuliko kusoma lebo.

Na faida yake je? Wale wanaosema ina vitamini nyingi sana wapunguze kidogo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200 wakaona tofauti ya vitamini si ya kutisha, ila mabaki ya dawa kwenye za kilimo hai yalikuwa machache. Mwaka 2014 wa Newcastle Uingereza wakaja na tafiti 343, hao wakasema za kilimo hai zina viondoa sumu vingi zaidi na kadimiamu, ile metali yenye sumu, kidogo zaidi, na mabaki ya dawa yalionekana mara nne zaidi kwenye mazao ya kawaida. Kwa hiyo wakivutana kwenye lishe, kwenye mabaki ya dawa wote wako upande mmoja. Basi kama unalipia zaidi, lipia kukwepa mabaki, na hapo hesabu inakuwa rahisi maana unajiuliza tu hili zao linapigwa dawa kiasi gani, karibu na kuvunwa au mapema, na mimi nalila na ganda au namenya.

NYANYA ZA LORI NA NYANYA ZA BONDENI

Naanza na nyanya maana ndio ya kila siku na ndio inayopigwa dawa kweli kweli. Mkulima wa nyanya ana maadui wawili. Mmoja ukungu, ile bakajani inayokuja na mvua na umande, usipowahi shamba linaungua lote unaliangalia hivi hivi. Mwingine kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na tunda, aliingia nchini 2014 na ana tabia ya kuzoea dawa haraka, kwa hiyo watu wanachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja na kupulizia kila baada ya siku chache mpaka karibu na kuchuma.

Ukitaka kuona kwa macho yako nenda sokoni asubuhi mapema wakati wanafungua matenga. Mama anatoa nyanya moja moja, anaishika kwenye kikonyo, anaifuta na kipande cha kanga kuukuu mpaka ing'ae, anaiweka kwenye fungu, anachukua nyingine. Tenga likifika nusu kile kitambaa kimeshakuwa na unga mweupe kama kimefuta ubao wa chaki, na pale kwenye kishimo cha kikonyo ambapo kidole hakifiki unga unabaki. Hilo si vumbi la barabarani peke yake, mara nyingi ni ile dawa ya ukungu ya unga, mankozebu, ambayo huku kwetu inatumika sana wakati Umoja wa Ulaya waliamua mwishoni mwa 2020 kutoipa kibali tena.

Afadhali mankozebu, inakaa juu ya ganda, ukiosha na kusugua sehemu kubwa inatoka. Shida ni zile dawa za wadudu zinazoingia ndani ya mmea, zinatembea na maji ya mti mpaka kwenye tunda, hizo hata uoshe na sabuni (na usioshe na sabuni, nyanya inainywa) hazitoki, kinachozipunguza ni muda. Ndio maana kwenye chupa ya dawa kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kuna dawa za siku tatu na kuna za siku kumi na nne. Mkulima akisikia bei imepanda sokoni hasubiri.

Siku moja nilimuuliza bibi mmoja anayeuza mafungu chini, shikamoo bibi, hizi za wapi? Marahaba mjukuu wangu, za bondeni huko Ruvuma. Zimepigwa dawa? Akacheka. "Kila nyanya inapigwa dawa mjukuu wangu, we niulize imepigwa lini."

Na yuko sahihi kabisa, hilo ndilo swali.

Sasa weka aina mbili bega kwa bega. Za lori zinatoka Iringa na huko nyanda za juu, zinakuja kwa njia ya Dar na Kibiti au kwa ile ya Songea, Tunduru, Masasi. Zimechumwa zikiwa ngumu ili zivumilie safari, hujui shamba, hujui dawa, na hakuna wa kumuuliza maana aliyekuuzia alinunua kwa aliyenunua. Bei yake inategemea barabara, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga tulijua wote tunakula kwa hisani ya lori. Za bondeni, Ruvuma au kule Lukuledi, zinajaa kiangazi baada ya mvua kuisha, ukungu ukiwa umepungua, kwa hiyo mkulima anapulizia mara chache hata kama si mtu wa kilimo hai, maana dawa ni hela. Zinafika zimeiva, na unaweza kumpata aliyelima au ndugu yake.

Kwa hiyo uamuzi wangu kwenye nyanya: kiangazi, ukipata mkulima wa bondeni anayeaminika na anadai zaidi kidogo, mpe, hasa kama ni za kachumbari au nyumbani kuna watoto wadogo au mjamzito. Masika mtu akikuletea nyanya "organiki" za shamba la wazi, tena kubwa, safi, hazina doa, muulize maswali mengi. Nyanya ya masika bila dawa yoyote ya ukungu ni kazi ngumu sana, labda awe na kitalu nyumba, au awe anatumia kopa, na akisema anatumia kopa mi namwamini zaidi kuliko anayesema hatumii kitu. Nje ya hapo chukua za lori, osha vizuri, zipike.

Hoho na matango yahesabu humo humo. Tango angalau unalimenya.

MAJANI

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Majani yako makundi mawili na hayafanani hata kidogo. Kuna chainizi, spinachi, kabichi, sukuma wiki, haya wadudu wanayapenda kama sisi, chainizi hasa inaandamwa na viwavi na vidukari, na kwa kuwa inachumwa jani moja moja kila siku chache hakuna muda wa kusubiri, leo imepuliziwa kesho iko gengeni. Halafu kuna matembele, kisamvu, majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu, mlenda. Haya mtu anayapata pembeni ya nyumba au kwenye shamba la chakula, wengi hawayapulizii wala hawana sababu.

Kwa hiyo mtu akikuuzia matembele kwa bei mara tatu kwa sababu ni ya kilimo hai, yule mama wa pembeni anayeuza bei ya kawaida na yeye ni yale yale, tofauti yao ni picha nzuri na mfuko wa kaki. Chainizi na spinachi ndio ulipie, au fanya kama mimi, badala ya kutafuta chainizi salama kula majani ya maboga, bei ndogo na mbegu haikununuliwa dukani.

Kabichi iko katikati. Mkulima wake anapulizia sana kwa ajili ya yule nondo wa kabichi, lakini ukitoa majani ya nje mawili matatu umetoa sehemu kubwa ya kilichomwagikia, kwa hiyo mi siilipii zaidi.

Kuna jambo lingine kwenye majani, na hili la organiki halilitatui: maji na samadi. Mchicha wa mjini unaomwagiliwa maji ya mtaro unaweza usiwe na tone la dawa na bado ukakulaza kwa tumbo. Samadi mbichi ya kuku au ng'ombe ikiwekwa kwenye mboga inayoliwa mbichi ni hatari kuliko dawa nyingi, maana dawa inadhuru polepole, vijidudu vya samadi vinaweza kukulaza ndani ya siku chache. Ujerumani mwaka 2011 kulikuwa na mlipuko wa bakteria wa E. coli, watu zaidi ya 50 walikufa, na chimbuko likaonekana kuwa mbegu zilizochipushwa kutoka shamba la kilimo hai. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa mboga usiishie kwenye dawa, muulize anamwagilia maji ya wapi na samadi yake imekaa muda gani.

Na yale mashimo kwenye majani, watu wanayaona kama cheti. Si cheti. Mkulima anaweza kuwa amepulizia baada ya kuona mashimo.

CHINI YA MIKOROSHO

Hili sijaona watu wakilisemea na ni la kwetu hasa. Kuanzia Juni hivi mpaka Septemba huko, nenda Newala, Tandahimba, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa, Liwale, alfajiri utasikia mashine zinaunguruma mashambani, watu wanapuliza salfa ya unga kuzuia ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, usiue maua. Wanawahi kabla upepo haujaanza na umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike. Unaona wingu la njano linapanda kwenye mti, halafu linashuka taratibu juu ya kila kilicho chini. Na chini kuna nini? Kuna mihogo, kuna kunde, kuna mbaazi, na mama ameshika kapu anachuma kisamvu cha mchana.

Salfa yenyewe, kama nilivyosema, hata kilimo hai kinaikubali, ni madini, inawasha macho na koo lakini ukiosha jani inatoka. Kisamvu tena kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu, na lazima kichemshwe hivyo maana kina sianidi yake ya asili, usije ukadhani cha asili hakina sumu. Tatizo siyo salfa. Tatizo ni yule mbu wa mikorosho, anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka meusi, huyo hapigwi kwa salfa, anapigwa kwa dawa ya maji ya wadudu ya kiwandani, na siku hizi hata kwa ubwiri wengi wanatumia dawa za maji. Dawa hiyo ikipuliziwa juu ya mkorosho inanyesha kwenye kunde zilezile.

Kwa hiyo kisamvu cha uani na kisamvu cha shamba la mikorosho mwezi wa saba ni vitu viwili, japo fungu ni bei moja. Ukinunua msimu huo uliza kimechumwa wapi, na kama ni wewe mwenye shamba chuma mboga kwanza ndio upulizie, halafu acha siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Vipimo na muda wa kupulizia watu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wanavijua vizuri, wako hapo hapo Mtwara na korosho ndio kazi yao, kuwauliza ni bure.

Mabibo nayo, lile tunda la mkorosho. Bibo linaliwa na ngozi yake, ngozi nyembamba, hakuna kumenya, na watoto wanaokota wanakula palepale. Ila bibo linaiva wakati wa mavuno, maua yalishapita, salfa ilishakwisha kazi yake wiki nyingi nyuma, kwa hiyo kama mwenye shamba hakupiga dawa ya mbu mwishoni, sioni sababu ya kuliogopa. Liokote lililodondoka leo, lioshe, kula. Hili ni tunda la kilimo hai kwa bei ya kuinama, tunaliacha linaoza shambani halafu tunaenda kununua epo.

EPO NA EMBE

Epo nyingi tunazoziona zinatoka Afrika Kusini, moja kwa bei ya mafungu mawili ya mboga. Epo inapigwa dawa shambani, halafu ikishavunwa inaweza kupigwa tena ya kuzuia ukungu ili ikae muda mrefu, halafu inapakwa nta ing'ae. Kwenye ile orodha ya kila mwaka ya mabaki ya dawa kwenye mazao, ya shirika la EWG la Marekani, epo, zabibu, stroberi na spinachi ni wateja wa kudumu upande mbaya. Orodha yenyewe ina kasoro, kwa miaka mingi ilihesabu mabaki yaliyopo bila kupima sana kama kiasi hicho kinadhuru, 2025 ndio wakaanza kuhesabu na ukali wa sumu, na ni mazao ya soko la Marekani, usiibebe nzimanzima. Nyanya ya Iringa haijapimwa pale.

Epo ya kilimo hai hapa Mtwara utaitafuta mpaka uchoke. Kwa hiyo usilinganishe epo na epo organiki, linganisha epo na embe. Embe la mti mkubwa wa kienyeji, lile la uani au la kando ya barabara, nani anapanda juu kule na bomba? Na unalimenya. Yale maembe makubwa ya miti iliyobebeshwa ya shamba la biashara yanaweza kuwa yamepigwa dawa ya nzi wa matunda, hayo osha kabla hujamenya maana kisu kinahamisha kilicho juu kupeleka ndani. Kwenye embe mi hofu yangu kubwa ni kabaidi ya kuivishia, embe la njano lote sawasawa, halina harufu, ukikata ndani gumu na chachu, hilo liache hata kama muuzaji ameandika nini.

Ukishindwa kabisa kuacha epo, loweka kwenye maji yenye soda ya kuokea, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, halafu suuza. Chuo Kikuu cha Massachusetts walijaribu hii 2017 kwenye epo na ikaondoa dawa ya juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu, ila iliyokwisha kuzama ndani ikabaki. Inasaidia kwa nyanya na hoho pia. Chumvi na siki watu wanazisifia sana lakini maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono yanafanya kazi kubwa kuliko wanavyodhani.

VYA KUMENYA

Hapa sitakaa. Nanasi, tikiti, papai, ndizi, parachichi, kitunguu, fenesi: usilipe zaidi. Ganda linabeba mzigo. Hata kwenye orodha ile ya Marekani parachichi na mahindi matamu chini ya asilimia 2 ya sampuli ndizo zilizokutwa na mabaki. Machungwa vilevile kama huli ganda. Anayekuuzia nanasi organiki kwa bei ya juu labda lina utamu, lipia utamu.

Isipokuwa kama unalipia kwa sababu ya mkulima mwenyewe, yaani hutaki kijana wa watu avute dawa bila barakoa huku bomba linamvujia mgongoni, hiyo ni sababu nzuri tu na inahusu hata ndizi, mi siibishii. Ila wengi wanaoniuliza wanauliza kwa ajili ya sahani yao.

SASA HELA YENYEWE

Tuseme una elfu kumi ya mboga na matunda ya wiki na si zaidi. Usithubutu kupunguza mboga ili upate mboga chache zenye jina, familia inayokula mafungu sita ya kawaida yaliyooshwa iko vizuri kuliko inayokula mawili ya organiki na kujazia ugali. Mi ningegawa hivi. Ya ziada, kama elfu mbili, naipeleka kwa nyanya za mkulima ninayemjua, kiangazi, na spinachi kama mtoto anaipenda. Majani mengine nachukua ya kienyeji kwa bei ya kawaida, kwa mama anayechuma uani kwake, siyo kwa sababu ameandika chochote. Matunda nafuata msimu, embe likijaa ni embe, chungwa likijaa ni chungwa, kikitoka nje ya msimu ujue kimesafiri na kimewekwa kitu. Karoti na viazi vya Njombe namenya na sina maneno nazo.

Hoho naziacha mpaka zije za bondeni.